Mpeleke Mama Lamu, Lakini Uliza Maji Kwanza

Barua za miezi hii zimefuatana kwa jambo moja: watoto wamejichanga, wanataka kuwapeleka wazazi Lamu wakapumzike ufukweni siku tatu nne, na kila mmoja ana hofu yake. Zilizofanana tumeziunganisha, nyingine tumezifupisha.

Shikamooni. Tuko ndugu wanne, tunataka kuwapeleka wazazi wetu Lamu. Baba ana miaka 76 na ana presha. Mama ana 71, magoti yanamsumbua. Tumeona bei za Mei ndizo nafuu. Tulipie? (Kifungua mimba, Thika)

Marahaba. Msilipie. Mei ni nafuu kwa sababu masika yamekolea: mvua, bahari iliyochafuka, na baadhi ya nyumba za wageni za Shela, kijiji cha ufukweni karibu na mji wa Lamu, hufunga milango kabisa. Kuanzia Juni hadi Agosti kuna ubaridi mzuri, lakini upepo wa kusi huvuma kwa nguvu. Mchanga wa Shela hupeperuka ukawapiga watu machoni, na mawimbi ya upande wa bahari kuu si ya kuchezewa na mtu wa miaka 70. Kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari hutulia, ila Februari na Machi joto humchosha mtu wa presha hata akiwa amekaa tu. Tungekuwa sisi, tungechagua mwishoni mwa Septemba hadi mwanzo wa Novemba, au Januari wageni wa mwaka mpya wakishaondoka. Tazameni pia kalenda ya Kiislamu. Mfungo sita, yaani mwezi wa sita baada ya Ramadhani, mji hujaa wageni wa Maulidi na vyumba huadimika, na Ramadhani mikahawa mingi ya mjini hufunga mchana.

Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili watu wengi hawaiulizi, na ndiyo inayoamua kama magoti ya mama yatairudia safari hii au la: mtafika mwezi wa ngapi angani, yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame?

Lamu huishi kwa maji kujaa na kupwa. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huwa ni bamvua, na kati ya kujaa na kupwa kuna mita tatu na zaidi. Kati ya bamvua mbili, mwezi saba hadi kumi hivi (siku ya saba hadi ya kumi tangu mwezi uandame, si Julai), na tena ishirini na mbili hadi ishirini na tano, huwa ni maji mafu: tofauti hushuka hadi mita moja hivi. Mita hizo mbili zinazopungua ndizo ngazi za jeti ambazo mama hatazipanda.

Hesabu yake ni nyepesi, na ukishaijua hutamtegemea mtu. Siku ya bamvua katika pwani yetu maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50. Kwa hiyo mwezi nane maji yatajaa karibu saa nne asubuhi na kupwa karibu saa kumi jioni. Ni hesabu ya kukisia, yaweza kupishana na jedwali rasmi kwa nusu saa au zaidi, lakini kwa kupanga safari inatosha. Ukishafika, muulize nahodha. Akikwambia "mai yameyaa," ndiyo Kiamu hicho, lahaja ya Lamu: maji yamejaa.

Sasa tazama faida yake. Mkifika mwezi saba mkakaa siku nne, asubuhi maji yamejaa na yametulia, wazazi wanaoga kabla jua halijachoma. Jioni maji yamekupwa na kuacha mchanga mpana, mbichi, ulioshikana. Huo ndio mchanga wa kutembelea. Fimbo haizami, goti halipindi. Mchanga mkavu wa juu hata kijana humchosha, kwa sababu kila hatua mguu huteleza nyuma kidogo na goti hufanya kazi mara mbili. Mkifika siku ya bamvua mambo hugeuka: saa nne asubuhi mtakuta matope na mawe, na mkondo wa maji yanayokupwa kwenye mlango wa bahari una nguvu ya kumwangusha mtu.

Mama yangu ni mtu mnene kidogo na anaogopa maji. Sioni atakavyoingia kwenye boti bila kuanguka. Kuna njia? (Binti, Voi)

Ipo, na kosa ni lilelile kila siku: mtoto anatangulia kuruka botini, anageuka, anamshika mama mikono na kumvuta. Ukimvuta mtu kutoka chini uzito wake wote unakuja mbele, mguu wa nyuma unainuka kabla wa mbele haujakanyaga, na boti nayo inasukumwa mbali na jeti na uzito uleule. Hapo ndipo watu huingia kwenye pengo kati ya boti na ngazi.

Fanyeni hivi. Kwanza fimbo, mkoba na simu vitangulie. Mikono ya mama ibaki mitupu. Viatu viwe vya raba vyenye kamba au mkanda wa nyuma. Kandambili humtoka mtu mguuni, na soli ya ngozi kwenye ngazi yenye ukoga ni kama sabuni. Vidato vya chini vya jeti, vile vinavyofunikwa na maji kila siku, vina ukoga wa kijani; msikanyage hivyo kama cha juu yake kinafikia boti. Baharia mmoja ashike kamba ya omo, yaani mbele ya boti, wa pili ya tezi, yaani nyuma, boti ibanwe ubavu kwa ubavu na ngazi. Mtu mmoja mwenye nguvu asimame ndani ya boti akimtazama mama, amshike viwiko, wala si vidole. Wa pili awe nyuma yake ngazini, amemfunga leso kiunoni na ameshika fundo.

Kisha ngojeni. Boti hupanda na kushuka na wimbi. Ikipanda ikawa sawa na kidato, ndipo mama anakaa kwenye ukingo wa boti. Anakaa, hasimami. Akishakaa, anageuza miguu yote miwili pamoja kuiingiza ndani, kama mtu anayepanda kitanda kirefu. Akanyage ubao wa kukalia kwanza, halafu sakafu. Kushuka ni hatua hizohizo, mkianzia ya mwisho.

Mketisheni katikati au karibu na tezi. Omo hurukaruka na ndiko maji huingilia. Laifujaketi avae kabla ya kukanyaga ngazi, mkifunga buckle zote za kifuani. Ukingoja akae ndani utakuta haimwingii na hamna nafasi ya kuhangaika. Mwambieni nahodha mapema kwamba mama ni mtu mzima mwenye mwili, alete yenye ukubwa wake.

Mkiwa mnashukia ufukweni bila jeti, ulizeni swali moja: boti ina ngazi? Isipokuwa nayo, beba kistuli cha plastiki chenye miguu mipana, urefu wa sentimita 25 hadi 30. Chenye miguu myembamba huzama mchangani upande mmoja kikampindua mtu. Mabaharia watajitolea kumbeba mama mikononi. Muulizeni yeye kwanza. Kuna wazee ambao ni radhi walowe hadi magotini kuliko kubebwa kama gunia mbele ya wajukuu.

Ndege au basi? (Wawili tunaobishana, Nakuru)

Mfuko ukiruhusu, ndege, kwa sababu ya mgongo wa mzee. Ndege hutua Manda, kisiwa cha ng'ambo, mnatembea mwendo mfupi hadi jetini mizigo ikienda kwa mkokoteni, kisha boti hadi mjini au Shela, dakika kumi kumi na tano. Ndege ndogo nyingi huruhusu kilo 15 tu, na begi laini. Sanduku gumu la magurudumu huwapa watu shida uwanjani na tena vichochoroni, ambako magurudumu hayana maana. Kama mzee anahitaji kiti cha magurudumu au hawezi ngazi za ndege, shirika liambiwe siku ya kukata tiketi, wala si siku ya safari.

Kwa barabara, msiwapitishe moja kwa moja. Teremkeni kwa treni au gari hadi Mombasa, laleni Malindi, halafu asubuhi mapema shikeni njia ya Garsen na Witu hadi Mokowe, jeti ya bara ya kuvukia Lamu. Malindi hadi Mokowe ni kilomita zaidi ya 200. Njia hiyo hupitwa mchana, na kabla ya kulipa ulizeni hali ya usalama ya wiki hiyo na utaratibu wa magari kusindikizwa, maana huwa unabadilika na unaweza kuongeza saa njiani. Mokowe kuna boti nyingine, nusu saa hivi. Mzee anayetumia dawa ya kukojoza presha ishuke, msimwache aache kuimeza kwa sababu ya safari bila kumuuliza daktari wake. Panga vituo vya kujisaidia kila baada ya saa mbili, Garsen ikiwa kimojawapo.

Tukae Lamu mjini au Shela? Marafiki wanasema Shela tu. (Mke wa mwana wa pekee, Kitengela)

Marafiki wako yaelekea wana magoti mazima. Shela ni pazuri, mchanga wake unaendelea kilomita 12 hivi, na nyumba ni safi. Lakini ufuo huo hauna mti hata mmoja wa kivuli. Pia ukitaka duka kubwa la dawa au hospitali ya kaunti ya King Fahd, viko mjini, kilomita tatu. Kwa miguu ni dakika 40 hadi 45, tena njia ya pembeni mwa bahari hufunikwa maji yakijaa. Kwa hiyo ni boti.

Mzee anayependa watu, msikiti wa karibu, baraza za kukaa akatazama punda wakipita, mjini hatachoka. Mama anayetaka bahari aione akiamka, Shela. Wengine hulala mjini na kwenda Shela kwa boti asubuhi, na kwa wazazi wenye ugonjwa wa kudumu sisi tunaona ndiyo njia ya busara.

Linalozidi mahali ni nyumba yenyewe. Nyumba za Lamu ni za ghorofa, ngazi za mawe, nyembamba, kidato kimoja kirefu na kingine kifupi, mara nyingi hazina pa kushika. Sehemu nzuri ya kupunga upepo iko juu darini chini ya makuti, na huko ndiko chakula hupakuliwa. Kwa hiyo ukipiga simu usiulize tu "mna vyumba?" Uliza: chumba cha chini kipo? Choo kiko ndani ya chumba hicho au kuna kidato cha kupanda? Ni cha kukaa au cha kuchutama? Chakula chaweza kuletwa chini? Ngazi ina kamba au mkono wa kushika? Omba picha ya ngazi ikipigwa kutoka chini. Anayekataa kutuma picha ya ngazi amekwisha kukujibu.

Vitanda vya kienyeji vya Lamu ni virefu, vingine hupandiwa kwa kigoda. Mzee anayeamka usiku mara tatu ataanguka kwenye kigoda hicho gizani. Omba godoro lishushwe kwenye kitanda cha chini, na weka tochi ndogo ukutani kati ya kitanda na choo, maana umeme hukatika. Chumba cha chini kina joto zaidi kuliko cha juu kwa sababu upepo haufiki. Hilo ni la kweli, na feni ni lazima. Lakini joto lina dawa. Nyonga iliyovunjika haina.

Baba anajidunga insulini asubuhi na jioni. Huko joto ni kali na umeme hukatika. Nifanyeje? Na vyakula vya nazi je? (Mwalimu, Machakos)

Insulini usiiweke kwenye mzigo wa kuingia tumboni mwa ndege, ibaki mkononi. Chupa au kalamu iliyokwisha kufunguliwa, kwa aina nyingi, hukaa nje ya friji wiki nne hivi mradi joto lisipite nyuzi 30. Soma karatasi ya dawa yako kwa sababu aina hutofautiana. Tatizo ni kwamba mchana wa Februari na Machi chumba kinapita hapo. Zile ambazo hazijafunguliwa ziwe kwenye friji ya mwenye nyumba, rafu ya katikati, mbali na barafu. Insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima.

Umeme ukikatika, mtungi. Chukua mitungi miwili ya udongo usiopakwa rangi wala vanishi, mdogo uingie ndani ya mkubwa, jaza mchanga kati yake, mwagia maji mpaka mchanga uloe. Dawa itie kwenye mkebe wa plastiki wenye kifuniko kinachobana, tia mkebe mtungini, funika kwa kitambaa kibichi. Weka darini au dirishani penye upepo na kivuli, na mwagia maji tena asubuhi na jioni. Unaofanya kazi ni upepo kukausha maji. Ukiufungia mtungi kabatini haupoi hata kidogo. Na kwa kuwa hewa ya pwani ina unyevu, usitarajie ubaridi wa friji: hupunguza nyuzi kadhaa tu, lakini kadhaa hizo ndizo mlizokuwa mnazihitaji. Kwenda ufukweni tumia kikasha cha baridi, barafu ikiwa imefungwa taulo, dawa isigusane nayo.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni sukari kushuka, si kupanda. Kutembea mchangani ni kazi nzito, na joto huifanya insulini iingie mwilini haraka. Mzee akianza kutoka jasho la baridi, kutetemeka au kusema maneno yasiyoeleweka, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji kidogo, au soda ya kawaida nusu glasi, pimeni tena baada ya dakika 15, ikiwa bado iko chini rudieni, na ikishapanda mpeni chakula. Akiwa hawezi kumeza, msimtie kitu mdomoni. Ni hospitali mara moja.

Vyakula: wali wa nazi na mahamri kwa mbaazi za nazi ni vizito, kwa hiyo punguza kiasi, usimnyime. Samaki wa kupaka ale, wali uwe ngumi moja. Kahawa tungu haina sukari, anywe. Hiyo halua ya pembeni ndiyo yenye sukari tupu, kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinamtosha mtu kuonja. Madafu ni mazuri kwa mtu mzima wa afya, lakini yana potasiamu nyingi, na mwenye figo dhaifu au anayemeza dawa za presha kama losartan amuulize daktari kabla ya kuyafanya maji ya kunywa ya kila siku.

Na miguu. Mwenye kisukari asitembee pekupeku ufukweni hata hatua kumi. Ganzi humfanya asisikie mchanga unaounguza wala kipande cha chaza. Viatu vya maji, na kila jioni mwana mmoja aishike miguu ya baba, aioshe, aikaushe kati ya vidole na kuitazama nyayo.

Bibi hataki kuvaa nguo za kuogelea, na hatutaki kumlazimisha. Aoge na nini? (Mjukuu, Kilifi)

Asivae. Lamu hakuna atakayemshangaa akioga na nguo zake. Tatizo ni uzito tu. Dera la kitambaa kizito likiloa linamfunga miguu, na buibui hujaa maji. Suruali nyepesi na blauzi ndefu ya mikono, kilemba kifungwe kwa nyuma, leso moja ibaki nchi kavu ya kumfunika akitoka. Maji yasimpite mapajani. Aingie maji yakiwa yanajaa, upande wa ndani wa mlango wa bahari, karibu na kijiji cha Shela au ng'ambo Manda. Yakianza kupwa atoke, hata kama ndiyo kwanza ameanza kufurahi.

Siku nne tufanye nini, bila kuwachosha? (Waliotumwa na familia, Eldoret)

Pungufu ya mnavyopanga. Ratiba nyingi tulizotumiwa zina mambo matatu kwa siku. Kwa mzee wa miaka 75 jambo moja asubuhi na jingine jepesi jioni linatosha, na kati ya saa tano na saa kumi alale, ale, apigwe na feni.

Ufukweni nendeni saa moja asubuhi mpaka saa tatu, au saa kumi mpaka jua kuzama. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na dakika arobaini mwaka mzima, na giza huingia upesi, kwa hiyo boti ya kurudi iwe imekwisha kuagizwa. Bebeni mwavuli mkubwa na kiti chenye mikono. Kiti cha plastiki huzama mguu mmoja kwanza. Tandika ubao au jamvi lililokunjwa mara mbili chini ya miguu yote minne. Mkeka ni wa vijana. Mzee akishakaa chini kumwinua ni kazi ya watu wawili, naye huona haya kuomba, atakaa hapo na kibofu kimejaa.

Asubuhi moja wapelekeni Ngome, iliyojengwa kuanzia 1813 hadi 1821, na kwenye makumbusho ya pembeni mwa bahari. Jiwekeeni saa moja na nusu, pamoja na kukaa. Mji wote wa kale uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, lakini sio lazima muutembee wote. Chagueni kichochoro kimoja, baraza moja, kahawa moja. Punda wana haki ya njia. Mzee awe upande wa ukuta.

Kwa wenye miguu bado, magofu ya Takwa kule Manda: mji uliokaliwa karne ya 15 hadi ya 17, una msikiti wenye nguzo juu ya kibla na mibuyu mikubwa. Huendewa kwa kupitia mkono wa bahari kati ya mikoko, na mkono huo hupitika maji yakiwa mengi tu. Hapa ndipo watu hukwama: wanafika maji yamejaa, wanakaa kula, wanarudi kwenye boti wanaikuta juu ya tope. Wazazi wanakaa juani muda wa saa tano, kwa sababu ya nusu saa ya biriani. Fikeni saa moja kabla ya maji kujaa kabisa, muondoke yakianza kugeuka.

Mashua ya tanga jioni ni burudani hasa, kwa sharti moja. Mwambieni nahodha msiende bisho. Kwenda bisho ni kugeuza tanga kila mara kuupinga upepo, foromali, ule mti unaoshika tanga, inavuka juu ya vichwa, watu wanahamishwa upande, na mzee hana wepesi huo. Aende na upepo, arudi kwa mashine. Mwenye kichefuchefu akae tezini atazame nchi kavu, asitazame simu.

Bei za boti zinatuchanganya. (Wengi)

Patana bei ya boti nzima, si ya kichwa. Iseme wazi: kwenda, kungoja saa ngapi, kurudi, na mafuta ndani yake. Lipa nusu, nusu mkirudi. Chukueni nahodha mmoja kwa siku zote nne. Bei itashuka, naye siku ya pili atakuwa amekwisha kuyajua magoti ya mama. Mashine za kutolea pesa ziko mjini, Shela msizitegemee, ingawa M-Pesa hupokewa karibu kila mahali.

Mama yetu yuko kwenye kiti cha magurudumu tangu kiharusi. Tumpeleke Lamu? (Ndugu watatu, Mombasa)

Hapana, ndugu zetu, na tunasema hivyo tukiipenda Lamu. Kila mlango una kidato, kila safari ina boti, na vichochoro vina mitaro na mawe. Bodaboda zimeingia kisiwani lakini hazimfai mtu aliyepooza upande. Mtambeba kutwa, naye atajiona mzigo.

Mpelekeni Malindi. Kutoka kwenu ni kilomita 120 za lami, gari linasimama mlangoni, tuktuk ziko kila kona, na kuna nyumba nyingi za chini zisizo na ngazi. Hapo ulizeni upana wa mlango wa choo: kiti cha kawaida kinataka sentimita 80, na wenye nyumba hupima chumba wakasahau choo. Mchangani magurudumu membamba hayaendi. Mvuteni kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia, juu ya mchanga mbichi, au tandikeni majamvi mawili mkiyapokezana. Msiende wakati wa mvua, au mara tu baada yake. Mto Sabaki humwaga udongo baharini na maji ya Malindi huwa mekundu kama chai ya maziwa. Msimu huo ni heri Watamu, kusini kidogo. Akiweza kuketi vizuri botini, mbuga ya bahari ya Malindi, iliyotengwa 1968, ina boti zenye kioo chini. Nendeni maji yakiwa yamekupwa, samaki wanaonekana bila yeye kulowa.

Usiku mzee akizidiwa kisiwani, tufanye nini? (Muuguzi mstaafu, Embu)

Swali hili lingetangulia, lakini wenye kuliuliza ni wachache. Mchana wa kwanza, kabla ya kuoga baharini, fanyeni mambo haya. Nambari ya nahodha anayelala karibu iandikwe ukutani, na apewe chochote kidogo aiache simu wazi usiku. Mlio Shela mjue jeti ipi ya mjini iko karibu na hospitali, na maji yatakuwaje saa nane usiku. Karatasi moja yenye majina ya dawa, kiasi, magonjwa na kadi ya bima ikae kwenye mkoba wa mama, nakala kwa mwana mwingine. Kwa kuwa mnatoka bara kwenye malaria kidogo, muulizeni daktari dawa ya kinga wiki mbili kabla, na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote, kisining'inie tu. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi Embu, mwambieni daktari kwamba mlikuwa pwani.

Na mlango wa nje. Milango mikubwa ya Lamu hufungwa kwa komeo zito kutoka ndani, na mwenye nyumba huenda zake kulala kwake. Jaribuni kulifungua usiku wa kwanza, taa zikiwa zimezimwa.